Wolfgang wa miaka 6: safari ya Vienna siku kwa siku, Septemba 1762 hadi Januari 1763

Visa vya utoto wa mtunzi wa muziki Wolfgang Amadeus Mozart ni vingi, na vingine vilitungwa muda mrefu baada ya kifo chake. Safari hii ya Vienna ina ushahidi wa aina nyingine. Leopold, baba yake, alikuwa akiandika barua njia nzima kwenda kwa Lorenz Hagenauer, mfanyabiashara wa Salzburg na mwenye nyumba waliyopanga pale Getreidegasse 9. Barua hizo zipo hadi leo, na ndani yake mna tarehe, saa, fedha, mvua, vipele na bei ya ugonjwa. Anayetaka kujua kipaji cha mtoto yule kilikuwa cha namna gani aanzie hapo.

Kabla ya kuondoka

Kwanza lifunguliwe daftari. Mwaka 1759 Leopold alimwandalia binti yake, Maria Anna (nyumbani wakimwita Nannerl), daftari la nota za kujifunzia kinanda. Mdogo wake akalidandia. Pembeni mwa nota Leopold aliandika kumbukumbu fupi fupi: menueti 8 za mwanzo Wolfgang alizijifunza akiwa katika mwaka wake wa nne. Tarehe 24 Januari 1761, siku tatu kabla ya kutimiza miaka mitano, alijifunza kipande cha Georg Christoph Wagenseil kati ya saa 3 na saa 3 na nusu usiku. Siku mbili baadaye, menueti na trio yake, kwa nusu saa, ikiisha saa 3 na nusu usiku.

Nusu saa hiyo inaeleweka ukijua menueti imejengwaje. Ni dansi ya mapigo matatu, yenye sehemu mbili fupi, kila moja ikirudiwa. Ikija trio, nayo ni sehemu mbili, kisha menueti inarudiwa kutoka mwanzo. Mkono wa kulia una wimbo, wa kushoto una besi ya sauti moja. Kwa mtoto mwenye kumbukumbu kali, kinachobaki kujifunza kwa kweli ni mistari michache. Linalomshinda ni upana wa kiganja: mkono wa miaka mitano haufiki oktavi, yaani umbali wa vibao vinane vyeupe, na sauti tatu nne zikikusanywa pamoja zinamwangusha. Ndiyo maana baadhi ya vipande vyake vya mwanzo mwenyewe, kama menueti ya Januari 1762, allegro ya 4 Machi, menueti za 11 Mei na 5 Julai, ni vyembamba. Alitunga kwa kiasi vidole vyake vilivyoweza kufika, na baba ndiye aliyeandika nota.

Mwezi wa Januari 1762 walikuwa wamekwenda Munich kwa wiki tatu, wakapiga mbele ya mtawala wa Bavaria, Maximilian III Joseph. Hiyo ilikuwa kujipima. Vienna ndiyo iliyokuwa imekusudiwa.

Jumamosi, 18 Septemba

Wakaondoka Salzburg. Safarini walikuwamo Leopold, mkewe Anna Maria, Nannerl wa miaka 11, Wolfgang wa miaka 6 na nusu na ushei, na Joseph Richard Estlinger, mnakili wa nota na mpiga besi, aliyechukuliwa kama mtumishi. Walibeba kinanda na fidla ndogo ya mtoto. Leopold alikuwa mwajiriwa wa Askofu Mkuu wa Salzburg, kwa hiyo hakuweza kutoka bila ruhusa, na kila wiki ya ziada ilimtia wasiwasi: mkuu wa muziki pale, Johann Ernst Eberlin, alikuwa amefariki Juni, na vyeo vilikuwa bado havijagawiwa.

Jumatatu, 20 Septemba: Passau

Walifika Passau, wakanasa. Askofu wa hapo, wa ukoo wa Thun, alitaka kumsikia mtoto lakini hakupanga saa. Wakakaa siku tano. Mwishowe alimsikia Wolfgang peke yake, Nannerl hakuitwa kabisa, na malipo yakawa dukati 1, yaani guldeni 4 na kroiza 10. Nyumba ya kulala na chakula cha watu watano kwa siku zote hizo vilitoka mfukoni mwa baba.

Hapa panafaa kusemwa jambo juu ya Nannerl. Ndiye aliyekuwa akipiga vipande vigumu zaidi wakati huo, kwa vidole vilivyokomaa na mazoezi ya miaka. Kwa kuwa mdogo wake alikuwa mdogo zaidi, macho yote yalimwendea yeye, na safari hii ndiyo iliyoanza kumweka dada nyuma.

Jumapili, 26 Septemba, hadi Ijumaa, 1 Oktoba: Linz

Kutoka Passau waliteremka Mto Danube hadi Linz, wakiwa pamoja na kanoni mmoja, yaani padre wa kanisa kuu, Count Herberstein (Count ni cheo cha ukabaila). Linz ilikuwa na faida kuliko Passau. Tarehe 1 Oktoba watoto walitoa onyesho la wazi, kwa msaada wa gavana wa jimbo, Count Schlick. Kijana mmoja wa ukoo wa Pálffy alikuwa akipita mjini, akasikiliza, akaenda Vienna kabla yao na kumsimulia Mwanamfalme Joseph. Joseph akamwambia mama yake, Maria Theresa, mtawala wa Austria. Hivyo habari ilifika ikulu kabla ya mtoto. Leopold alikuwa fundi wa mambo haya: alijua kwamba tangazo bora ni mtu mwenye cheo anayezungumza mezani, na kwamba mtu huyo lazima awe ametangulia siku chache.

Wolfgang alipata mafua hapa Linz. Yakumbukwe, yatarudi.

Jumatatu, 4 Oktoba, na Jumanne, 5 Oktoba: mtoni

Walipanda boti ya abiria wakalala Mauthausen. Mvua na upepo mfululizo. Hali hiyo haifai kinanda chochote: mbao hunywa unyevu, ubao wa sauti unavimba, nyuzi zinavutika na sauti inapanda, tena haipandi kwa kiasi kimoja pande zote. Asiyejua kukifunga upya mwenyewe, akifika tu, hana onyesho.

Jumanne mchana walishuka Ybbs. Mapadre watatu waliokuwa nao botini waliingia kanisani kwa Wafransisko kusoma Misa, na Wolfgang akapanda kwenye ogani. Wafransisko walikuwa mezani na wageni wao. Waliposikia, waliacha chakula wakakimbilia kwenye roshani ya kwaya, na Leopold anasema nusura wafe kwa mshangao.

Hapana shaka kinachosimuliwa hapa ni mikono. Ogani ina kazi tofauti na kinanda cha nyuzi. Kwenye kinanda, sauti inakufa yenyewe punde tu baada ya kupigwa. Kwenye ogani inaendelea mpaka kidole kiinuke. Mtoto aliyezoea kinanda huacha vidole vikilala, sauti zinapandana, na kanisa lenye mwangwi linaongeza fujo. Kupiga vizuri pale bila maandalizi kunataka sikio linalosahihisha mkono papo hapo. Miguu, yaani besi ya ogani inayokanyagwa, tutaifikia mwishoni.

Jumatano, 6 Oktoba: forodha ya Vienna

Mizigo kama ile ingepekuliwa na kutozwa ushuru. Wolfgang akajenga urafiki na ofisa wa forodha kwa dakika chache: akamwonyesha kinanda, akamkaribisha awatembelee, akampigia menueti kwa fidla yake ndogo. Wakapita bila kutozwa.

Tukio hili ni dogo lakini lina uzito wa ushahidi. Andreas Schachtner, mpiga tarumbeta wa Salzburg na rafiki wa familia, alisimulia kwamba mara tu baada ya kurudi kutoka Vienna mtoto aliomba kushika fidla ya pili katika trio sita, hapa maana yake vipande vya ala tatu, za mwanamuziki aitwaye Wenzl. Baba akakataa kwa kuwa hajafundishwa, mtoto akalia, akaruhusiwa apige taratibu pamoja na Schachtner, Schachtner akagundua kwamba yeye mwenyewe hahitajiki tena, akaweka fidla chini, huku machozi yakimtoka Leopold. Schachtner aliyaandika hayo mwaka 1792, karibu miaka 30 baadaye. Barua ya forodha iliandikwa siku chache tu baada ya tukio, nayo yaonyesha kuwa mtoto alikuwa tayari akipiga menueti kwa fidla mwezi Oktoba. Trio zile huenda zilipigwa vile vile alivyosema. Ila mkono haukuanza siku ile.

Nyumba waliyopanga Vienna ilikuwa chumba kirefu chembamba. Leopold anakitania kwamba kina urefu wa hatua 1000 na upana wa hatua 1. Kiligawanywa kwa kiambaza ili viingie vitanda viwili, baba na mwana kimoja, mama na binti kingine, na usiku kucha watoto waliwapiga wazazi mateke ya mbavu.

Jumapili, 10 Oktoba

Leopold alikwenda peke yake kwenye opera kutazama *Orfeo ed Euridice* ya Gluck, iliyokuwa imeonyeshwa kwa mara ya kwanza siku tano tu kabla. Akiwa pale alimsikia Mwanamfalme Leopold, mwana wa Maria Theresa, akisema kutoka kwenye kibanda chake kwamba kuna mvulana mjini anayepiga kinanda kwa ustadi wa ajabu. Siku hiyo hiyo, saa 5 usiku, ikaja amri ya kwenda ikulu ya Schönbrunn tarehe 12. Baadaye ikasogezwa siku moja, kwa kuwa tarehe 12 ilikuwa sikukuu ya jina la Mwanamfalme Maximilian.

Jumatano, 13 Oktoba: Schönbrunn

Walikaa ikulu kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni. Muda wa saa tatu nzima, kwa mtoto wa miaka 6.

Leopold anaandika kwamba Wolfgang alimrukia Maria Theresa mapajani, akamkumbatia shingoni na kumbusu sawasawa. Kaizari Franz, mume wa Maria Theresa, akatoka chumba cha pili akamchukua Leopold kwenda kumsikia Isabella wa Parma, mke wa Joseph, akipiga fidla. Kile kisa cha mtoto kuteleza sakafuni, kuinuliwa na Marie Antoinette na kumchumbia hakimo katika barua hizi. Kilikuja baadaye, na sioni sababu ya kukibeba.

Mengine ya siku za ikulu yalichapishwa mwaka 1793 kutokana na kumbukumbu za Nannerl na marafiki. Kaizari alimtania mtoto kwamba kupiga kwa vidole vyote si ajabu. Apige kwa kidole kimoja. Akapiga. Kisha vibao vikafunikwa kitambaa, akapiga tena.

Mchezo wa kitambaa ulikuja kuwa alama ya biashara ya familia hii, basi ni vema kujua ugumu wake uko wapi. Macho si tatizo kubwa. Kitambaa kikiwa chepesi, vibao vilivyoinuka vinahisika, viwili viwili na vitatu vitatu, na mwenye mazoezi hujua alipo. Shida ni kitambaa chenyewe kusogea. Kinakunjamana chini ya vidole, ncha ya kidole inateleza, vibao viwili vinashuka pamoja. Dawa yake ni kuinua vidole moja kwa moja bila kukokota, mkono ukae mahali pamoja, na kuepuka kuruka mbali. Kwa hiyo kipande kikichaguliwa vizuri, mtoto aliyefundishwa sawasawa anaweza. Kidole kimoja nacho kinapima wepesi wa kiwiko tu, maana sauti mbili haziwezi kuunganishwa. Haya yalikuwa ya kufurahisha sebule.

Kipaji kilionekana pengine. Wolfgang aliuliza yuko wapi Bwana Wagenseil, aletwe, kwa kuwa yeye anaelewa. Wagenseil, mtunzi wa ikulu na mwalimu wa kinanda wa mabinti wa kifalme, mwenye miaka 47, akaja, na Kaizari akampisha karibu na kinanda. Mtoto akamwambia kwamba anapiga koncherto yake, yaani kipande cha kinanda na okestra, hivyo amgeuzie kurasa. Rudi kwenye lile daftari: kipande alichojifunza usiku wa 24 Januari 1761 ni cha mtu huyo huyo. Kwa karibu miaka miwili mtoto alikuwa akiishi na jina hilo juu ya nota. Alipoingia kwenye chumba kilichojaa taji na vyeo, aliyemtafuta ni mwenye nota. Na alitaka ageuziwe kurasa na mtu anayejua kila sauti inayokuja, yaani alitaka kusikilizwa na anayeweza kumkamata akikosea. Kwangu hili linazidi vitambaa vyote.

Ijumaa, 15 Oktoba

Zikaletwa nguo kutoka ikulu. Ya Wolfgang ilikuwa ya kitambaa safi cha rangi ya zambarau hafifu, fulana ya ndani ya hariri ya mawimbi, na mapambo ya nyuzi za dhahabu pande mbili. Ilikuwa imeshonwa kwa ajili ya Mwanamfalme Maximilian. Nannerl alipata gauni la hariri nyeupe la binti wa kifalme. Wolfgang amechorwa akiwa amevaa suti hiyo katika picha ya mafuta ya mwaka 1763.

Jumamosi, 16 Oktoba, hadi Jumanne, 19 Oktoba

Ratiba ikawa ngumu. Jumamosi, kwa mfano, saa 8 na nusu mchana kwa wanamfalme wadogo wawili, saa 10 kwa Count Pálffy, kansela wa Hungaria. Siku zilizotangulia walikuwa kwa Kaunitz, kansela wa Austria, na kwa Countess Kinsky. Wakubwa walituma mabehewa yao kuwachukua na kuwarudisha. Jumanne mhazini wa ikulu akampa Leopold dukati 100, zaidi ya guldeni 400, na kuuliza kama anaweza kukaa zaidi. Balozi wa Ufaransa naye akawaalika Paris.

Hesabu ilikuwa nzuri mno. Mwili wa mtoto haukuwamo kwenye hesabu.

Alhamisi, 21 Oktoba: vipele

Saa 1 usiku walikuwa tena mbele ya Maria Theresa, na Wolfgang hakuwa kama kawaida yake. Alipolazwa alilalamika maumivu ya makalio na nyonga. Leopold akampekua, akakuta madoa ya ukubwa wa sarafu ya kroiza, mekundu, yaliyoinuka kidogo, yakiuma yakiguswa: kwenye miundi yote miwili, kwenye viwiko, na machache makalioni. Na homa. Wakampa unga mweusi na unga wa margrave, dawa za sandukuni za wakati huo. Akalala kwa taabu.

Ijumaa dozi ikarudiwa asubuhi na jioni. Madoa yakapanuka lakini hayakuongezeka. Akaitwa Dkt. Bernhard, ambaye alisema ni aina ya homa ya vipele vyekundu, akawa anakuja kila siku. Juu ya hayo jino la nyuma lilikuwa likiota, na shavu la kushoto likavimba.

Madaktari waliosoma maelezo hayo katika nyakati zetu wanaona si homa hiyo. Madoa machache, makubwa, yenye maumivu, yaliyokaa hasa miundini, yanaelekea kuwa ugonjwa wa kuvimba na kuwaka kwa mafuta yaliyo chini ya ngozi, ambao mara nyingi hufuata maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokoki wiki kadhaa baadaye. Yale mafua ya Linz yanaingia hapo vizuri. Uangalifu wa Leopold ndio unaowezesha utambuzi huu: aliandika ukubwa, rangi, mahali na mpangilio wa siku, kama alivyokuwa akiandika saa kwenye daftari la nota.

Tarehe 31 Oktoba, sikukuu ya jina la Wolfgang, mtoto aliinuka akatembea kidogo.

Ijumaa, 5 Novemba, na wiki zilizofuata

Onyesho la kwanza baada ya kupona lilikuwa nyumbani kwa Dkt. Bernhard, kama shukrani. Lakini milango ya wakubwa ilikuwa imefungwa. Mji uliogopa ndui, na vipele vya aina yoyote vilitosha kumfanya mtu asikanyage nyumba yenye watoto. Leopold alikadiria, kwa kubana, kwamba tukio hili limemgharimu dukati 50: nusu ya zawadi ya ikulu imekwenda na madoa ya mguuni. Watu humlaumu kwa kuandika hasara ya fedha katika barua inayohusu ugonjwa wa mwanawe. Barua hizo hizo zinaomba Misa zisomwe Salzburg kwa ajili ya mtoto. Alikuwa baba mwenye hofu, na alikuwa pia ndiye mlipaji wa chumba, wa Estlinger na wa daktari.

Jumamosi, 11 Desemba, hadi Ijumaa, 24 Desemba: Pressburg

Walialikwa na wakubwa wa Hungaria kwenda Pressburg, ambayo leo ni Bratislava, mji mkuu wa Slovakia. Kurudi ndiko kulikoumiza: waliondoka saa 2 na nusu asubuhi ya mkesha wa Noeli, wakafika Vienna saa 2 na nusu usiku. Barabara ilikuwa haijajengwa, na makorongo ya matope yalikuwa yameganda kwa baridi yakawa magumu kama jiwe. Leopold alikuwa amenunua behewa lenye springi huko Pressburg, na anasema bila hilo wangerudi na mbavu pungufu.

Ijumaa, 31 Desemba, hadi Jumatano, 5 Januari 1763

Wakaondoka Vienna, wakafika Salzburg tarehe 5. Wolfgang akalala kitandani tena wiki nzima, safari hii kwa maumivu ya viungo, jambo linaloungana na ugonjwa wa Oktoba kuliko na baridi ya njiani.

Tarehe 28 Februari Leopold aliteuliwa naibu mkuu wa muziki, na 9 Juni wakaondoka tena, kuelekea Paris na London. Siku hizo hizo za mwanzo gurudumu la behewa likavunjika karibu na Wasserburg, wakakwama wakisubiri fundi. Ili kupitisha muda Leopold akampeleka Wolfgang kwenye ogani na kumweleza kazi ya pedali. Mtoto akasukuma kiti pembeni, kwa kuwa akikaa miguu haifiki, akapiga amesimama, akizikanyaga pedali huku mikono ikiendelea juu. Leopold akamwandikia Hagenauer kwamba ilikuwa kana kwamba amefanya mazoezi hayo kwa miezi mingi.